Nilienda kujifunza kuchora, wamenigeuza zahanati

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 62, muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa zamu ya usiku. Nilipoagwa kazini kila mtu aliniambia, "Sasa pumzika mama, umefanya ya kutosha." Nikapumzika kweli. Baada ya muda mapumziko yenyewe yakaanza kunichosha. Bado naamka alfajiri kwa mazoea, nadeki, nafua, napanga vyombo, na saa tatu asubuhi sina tena cha kufanya. Nikawa nalala mchana, usiku sipati usingizi.

Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi cha wastaafu. Tunakutana ukumbini mara mbili kwa wiki, asubuhi. Kuna wanaojifunza simu na kompyuta, kuna wanaosoma kitabu kimoja na kukijadili, kuna mazoezi ya viungo, kuna wanaotembea pamoja, na kuna darasa la kuchora. Walimu wa kulipwa hakuna. Utaratibu wetu ni kwamba anayejua jambo anawafundisha wenzake, kisha naye anakaa chini kufundishwa asilolijua. Mhasibu mstaafu anafundisha hesabu za matumizi ya nyumbani. Saa inayofuata unamkuta amevaa miwani anaelekezwa namna ya kutuma picha kwa simu.

Mimi niliingia darasa la kuchora. Nilikuwa sijawahi kushika brashi maishani. Nyumbani kwetu kuchora kulihesabiwa kuwa ni kuharibu karatasi. Siku ya kwanza tuliwekewa kikombe mezani tukichore, na cha kwangu kikaegemea upande, mkono wake mkubwa kuliko kikombe chenyewe. Lakini kwa saa mbili nzima sikuwaza kitu kingine chochote, na hilo halikuwa limenitokea kwa miaka mingi.

Shida ilianza walipojua kazi niliyokuwa nafanya. Mwanzoni lilikuwa swali mojamoja wakati wa mapumziko, na sitaki kukudanganya, nilijisikia vizuri kuulizwa. Kisha wakaanza kuja na kadi zao za kliniki. Kisha mtu akaleta kipimo cha presha, kikawekwa pembeni ya meza yangu, na sasa foleni inaanzia hapo. Juzi nilikuwa nachora jani, nimefika kwenye mishipa yake, pale panapotaka mkono utulie. Mama mmoja akafungua mfuko wake wa dawa, akamimina vidonge mezani ili nimwambie kipi ni cha nini. Kimoja kikabingirika mpaka kwenye rangi ya kijani iliyokuwa bado mbichi. Nilikiokota, nikakiweka kando, nikamwelekeza dawa zake moja baada ya nyingine mpaka muda ukaisha. Jani langu sikulimaliza. Niliporudi nyumbani nililia, na mpaka leo naona aibu kwamba nililia kwa ajili ya jani.

Mwenyekiti wetu anasema kila mwanachama sharti atoe alichonacho, kwa hiyo nianzishe rasmi darasa la afya kila tunapokutana. Saa aliyonipangia ni ileile ya kuchora.

Nyumbani nako si shwari. Mzee wangu ana miaka 68. Alikuwa msimamizi wa karakana, ameshinda na mashine tangu ujana wake. Nilimshawishi, akaja kikundini mara moja. Alikaa nyuma kabisa kwenye mjadala wa kitabu, hakuchangia hata neno. Tulipokuwa njiani akasema, "Wale watu wanaongea wote kwa mpigo, na wengine wananong'ona kama wanakusengenya. Mimi si mtoto wa kurudishwa darasani." Tangu hapo hakukanyaga tena. Anashinda sebuleni na redio, sauti ameipandisha mpaka jirani amelalamika. Nikimsemesha nikiwa jikoni hanijibu, najua amenuna kwa kuwa natoka. Nikirudi ananiuliza tu, "Shule imeisha?"

Halafu kuna binti yangu. Tayari nakaa na mjukuu wangu siku tatu za wiki, na nampenda mtoto yule kuliko ninavyoweza kueleza. Sasa anataka nikae naye na zile asubuhi mbili za kikundi. Nilipomwambia nina darasa alicheka kidogo, akasema, "Mama, kuchora kutakusaidia nini katika umri huo?"

Nimefikiria kuacha. Nikiacha nitakuwa nimewaridhisha binti, mzee na foleni ya presha kwa mara moja. Lakini kila nikilifikiria hilo kifua kinanibana. Niambie ukweli, mimi ni mbinafsi? Nifanyeje?

Muuguzi Mstaafu

*

Shikamoo mama,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale kwenye jani. Naomba aibu hiyo uitue. Ulikuwa umepata saa mbili ambazo hakuna mgonjwa anayekuita, ukaziona zinaondoka huku mkono wako mwenyewe ndio unaozitoa. Mtu akilia kwa hilo namwelewa kabisa.

Nikikuelewa vizuri, yapo mambo matatu yaliyofungwa kamba moja. Kikundi kinataka uwe muuguzi wao. Mzee amebaki nyumbani na wewe unaamini amekununia. Binti anataka zile asubuhi mbili. Na kwa kuwa yote matatu yanakuvuta upande mmoja, umeanza kuona kwamba kosa lazima liwe kwako. Ningependa tuyatenganishe kwanza, maana kila moja lina mzizi wake, na suluhisho la moja halitibu jingine. Ukiacha kuchora leo, mzee atainuka kwenye kile kiti? Sina hakika, na nadhani hata wewe huna.

Kuhusu ubinafsi nitakuuliza tu: mtu anayelea mjukuu siku tatu, aliyeshinda na wagonjwa miaka 30, akitaka asubuhi mbili za kwake, angekuwa ni mwenzako ndiye amekuandikia wewe, ungemwitaje? Jibu utakalompa huyo jipe na wewe.

Tuanze na kikundi, kwa sababu hapo ndipo panapouma zaidi.

Utaratibu mnaoutumia, wa wastaafu kufundishana bila mwalimu wa kulipwa, una historia. Mwaka 1973, katika mji wa Toulouse nchini Ufaransa, profesa Pierre Vellas alianzisha kile kilichoitwa Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Pale wazee walikuja chuoni kufundishwa na wahadhiri. Wazo hilo lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter walilipindua. Walisema wastaafu wenyewe wana ujuzi wa kutosha kufundishana, bila mtihani wa kuingia na bila cheti cha kutokea. Mwanachama huyohuyo ni mwalimu saa hii na mwanafunzi saa ijayo. Laslett aliuona umri huo wa tatu kuwa wakati wa mtu kujitimizia nafsi yake, baada ya miaka ya kazi na ya kulea.

Nakueleza haya kwa sababu mwenyekiti wenu ameshika nusu ya wazo. Kutoa ni sehemu ya utaratibu, ndiyo. Kupokea nako ni sehemu yake, na yule mhasibu wenu ni mfano mzuri: anafundisha, halafu anavaa miwani na kufundishwa. Wewe umebaki na saa ya kutoa, ile ya kupokea imechukuliwa. Zaidi ya hapo, hakuna kinachosema mstaafu lazima atoe kilekile alichokuwa anakifanya kwa mshahara. Aliyekuwa hakimu anaweza kuongoza kwaya. Aliyekuwa dereva anaweza kuongoza mjadala wa historia. Je, mwenyekiti anajua kwamba kinachokuuma ni saa na mahali, au anadhani umekataa kusaidia? Sijaona kwenye barua yako mahali ulipomwambia. Huenda hajui kabisa kwamba kuna jani lililobaki bila kumalizika.

Lipo na jambo ulilolitaja kwa haraka ambalo nimelipenda kwa ukweli wake: kwamba mwanzoni ulijisikia vizuri kuulizwa. Usilifiche hilo. Mtu aliyeitwa "sista" kwa miaka 30 akistaafu hupoteza mshahara, na hupoteza pia ile hali ya kuhitajiwa kila dakika. Kwa hiyo kabla hujaamua chochote, jiulize kwa utulivu: unataka foleni ile iondoke kabisa, au unataka iondoke kwenye meza ya kuchora tu? Ni majibu mawili tofauti na yanapeleka njia mbili tofauti.

Tuseme unataka kubaki na sehemu ya uuguzi wako. Unaweza kukubali saa moja ya afya, labda mara moja kwa mwezi, siku na saa ambayo haigusi kuchora, na ukafundisha yale yatakayowafanya wasikuhitaji. Badala ya kuwapima presha, wafundishe kujipima. Wewe unajua watu wengi wanavyopima vibaya: wamefika wakihema, miguu imepishana, mkono unaning'inia, na mdomo haunyamazi. Kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkanda juu ya ngozi na si juu ya nguo, mkono umelazwa usawa wa moyo, bila kuongea. Hilo ni somo kamili. Somo jingine ni namna ya kuandika orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na maswali ya kumpelekea daktari, ili yule mama wa vidonge akirudi kliniki ajue cha kuuliza palepale zinapotolewa.

Hatari ya njia hii unaiona. Saa moja huzaa ya pili, na mwenye swali lake hatasubiri mwezi ujao, atakuja mezani kwako kama kawaida. Bila kauli moja utakayoirudia kwa kila mtu, darasa la afya litakuwa mlango mpya wa wodi ileile. Kauli yenyewe inaweza kuwa fupi: "Hilo nitalijibu siku ya afya. Kama ni la haraka, nenda kliniki leo." Sehemu ya pili ya kauli hiyo ni muhimu kuliko ya kwanza. Uliyokuwa nayo wodini ilikuwa taaluma, pamoja na faili la mgonjwa, vipimo na daktari wa kumwita. Ukumbini una mfuko wa vidonge na maneno ya mwenye mfuko. Ukimwambia mtu "hii unaweza kuiacha" kumbe figo zake zina tatizo ambalo hakulitaja, nani atabeba hilo? Kuwarudisha kliniki pia ni kuwahudumia, na hakuna anayelijua hilo vizuri kuliko muuguzi.

Tuseme jibu lako ni kwamba umechoka na uuguzi kabisa. Una haki ya kusema hivyo, na huhitaji kuwa na sababu kubwa. Hata hivyo kukataa kunataka mazoezi kwa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuitikia. Baadhi watasikitika, na wiki za kwanza utajisikia vibaya. Unaweza kupunguza ukali kwa kutoa kitu kingine: kufungua ukumbi, kupanga meza, kutunza daftari la mahudhurio, kuwapokea wageni wanaokuja kwa mara ya kwanza na kuogopa kuingia. Kazi hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, vikundi vingi vinaidharau na ndiyo inayofanya watu warudi.

Njia nyingine ni kutafuta kikundi kingine na kutosema kazi yako ya zamani. Inaonekana rahisi, na kwa wengine imefaa. Utapoteza mwalimu wa kuchora uliyemzoea na marafiki ulioanza kuwapata, na habari za watu husafiri. Siku moja mtu ataanguka ukumbini na miguu yako itakimbia yenyewe. Siioni kuwa njia mbaya, lakini ningeiweka mwisho, baada ya mazungumzo na mwenyekiti kushindikana. Kuzungumza naye huku mwalimu wa kuchora akiwepo kunaweza kusaidia. Yeye naye darasa lake linaingiliwa na foleni ile, na huenda amekaa kimya akidhani wewe umeridhika.

Sasa nije kwa mzee, na hapa naomba unisikilize kwa subira maana nitakwenda kinyume na ulivyoliona.

Umeandika kwamba amenuna. Nimeyaweka pamoja mambo uliyoyataja wewe mwenyewe: ameshinda na mashine tangu ujana, redio imepanda mpaka jirani analalamika, ukimsemesha kutoka chumba kingine hajibu, na kikundini aliona watu wanaongea wote kwa mpigo na wengine wananong'ona. Mama, kama mgonjwa angekueleza hayo wodini, ungemuuliza nini kwanza?

Mimi si daktari na sijamwona. Huenda amenuna kweli. Lakini ipo nafasi kwamba masikio yake yamepungua nguvu. Anayeharibiwa masikio na kelele za mashine hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na t. Anasikia kwamba mtu anaongea lakini maneno hayashiki, na penye watu wengi hali huwa mbaya zaidi. Hivyo wanaoongea kawaida anawaona wananong'ona, na akicheka aliyekaa mbele, yeye hajui kinachochekwa. Mwanaume aliyekuwa anasimamia karakana nzima, akikaa nyuma ya ukumbi bila kufuata mazungumzo, ni rahisi zaidi kusema "mimi si mtoto wa kurudishwa darasani" kuliko kusema "sikusikia".

Walio karibu mno huwa hatuwaoni. Wewe ungeligundua hili kwa mtu baki kwa nusu saa. Nyumbani umeishi nalo likija polepole, na likakuta tayari mna ugomvi wa nani anatoka na nani anabaki.

Kama ndivyo, uchunguzi wa masikio unafaa kufanyika mapema. Wakati mwingine ni nta iliyoganda tu, na kazi inaisha siku hiyohiyo. Wakati mwingine kinahitajika kifaa cha kusaidia kusikia. Jopo la wataalamu wa jarida la tiba The Lancet, katika ripoti yake ya 2024 kuhusu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Kupungua kusikia kumo. Kutengwa na watu kumo pia. Kwa mzee wako, la kwanza huenda ndilo linaloleta la pili.

Namna ya kumwambia ndiyo ngumu. Ukimwambia "husikii", atasikia "umezeeka". Labda uanze kwa kubadili ya kwako: usimsemeshe kutoka jikoni, nenda ukae mbele yake mahali penye mwanga, umwite jina kwanza ndipo useme, kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele. Fanya hivyo siku kadhaa uone kama anajibu tofauti. Akianza kujibu, utakuwa umejua jambo kubwa kuhusu ule ukimya wake, na kumwomba aende kupimwa kutakuwa rahisi. Asipobadilika, basi huenda kweli kuna kinyongo, na hicho mtakizungumza kama kinyongo. Hatari ni kwamba atahisi unamfanya mgonjwa wako. Ametazama maisha yako yote ukiwa muuguzi wa wengine, na sidhani angependa kuwa wa mwisho kwenye foleni.

Na hata masikio yakiwa mazima, darasa si la kila mtu. Australia, miaka ya 1990, walianza vibanda vya kazi kwa ajili ya wanaume wastaafu, vinavyoitwa Men's Sheds. Wanakutana kutengeneza viti, kukarabati baiskeli, kurekebisha vilivyoharibika kwa ajili ya shule na majirani. Walichokigundua ni kwamba wanaume wengi hawaongei wakikalishwa uso kwa uso kwenye duara. Mikono ikiwa na kazi, bega kwa bega, maneno hutoka yenyewe. Mzee wako ana ujuzi wa karakana. Kikundi chenu kina viti vinavyoyumba? Mlango usiofunga vizuri? Kumwomba msaada wa kitu anachokijua ni mwaliko wa aina nyingine kabisa. Ila awe na vizuia kelele masikioni kama kuna mashine.

Au awe na wale wanaotembea asubuhi. Kutembea huongei na watu kumi. Unaongea na mmoja aliye pembeni yako, na aliyepungukiwa kusikia humudu zaidi hapo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuusaidia mwili usiyumbe wala kuanguka angalau siku 3. Hayo unayajua. Labda yeye angeyapokea zaidi kwa rika lake kuliko kwako.

Akikataa yote? Inawezekana. Kuna watu wanaopenda kweli kukaa kwao na redio yao, na kustaafu kwa wawili si lazima kufanane. Hapo swali litabaki: je, mnaweza kuwa na kitu kimoja cha pamoja kwa wiki, kidogo tu, ili asubuhi zako mbili asizione kama ndiyo wiki nzima?

Kwa binti yako sitasema mengi. Sidhani ana nia mbaya. Amekuzoea ukiwa mtu wa kutoa, na hajawahi kukuona ukijifunza. Pengine anabanwa na kazi kuliko anavyokuambia, na inafaa umuulize kabla hujajibu. Siku tatu unazotoa ni nyingi, na yeye anaweza asiwe amewahi kuzihesabu. Unaweza kukubali kwa muda wenye mwisho unaojulikana, unaweza kubadilishana siku, unaweza kukataa zile asubuhi mbili na kubaki na tatu. Kila njia ina gharama yake, na ya kukubali bila mwisho ni kwamba utamlea mjukuu ukiwa na uchungu, na watoto huuona.

Alikuuliza kuchora kutakusaidia nini. Mwaka 2004, Mkenya Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, akaandikwa kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa mtu mzee kuliko wote kuwahi kuanza shule ya msingi. Alikuwa na sababu iliyoeleweka na kila mtu: alitaka kusoma Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu. Wewe huna sababu ya namna hiyo, na nadhani ndilo linalokufanya ushindwe kujitetea. Lakini ulikwishaniandikia sababu yako: saa mbili ambazo hukuwaza kitu kingine chochote. Je, binti yako umemwambia hivyo, kwa maneno hayohayo?

Neno moja kuhusu mkono wako na kile kikombe. Kasi ya kushika jambo jipya hupungua kadiri umri unavyosogea, hilo ni kweli, na watafiti wanalijua tangu zamani. Ila maarifa na msamiati uliokwisha kuwekwa hudumu kwa miaka mingi. Mkono uliotafuta mshipa wa mtoto mchanga usiku wa manane tayari umefundishwa kutulia na macho yako yamefundishwa kutazama. Utahitaji marudio mengi kuliko kijana, na utahitaji saa zisizokatwa katikati. Ndiyo maana suala la foleni si dogo.

Ningekuwa mimi ningeanza na lililo jepesi kuliko yote, yaani kwenda kukaa mbele ya mzee leo jioni na kumsemesha polepole, kisha ndipo nimtafute mwenyekiti kabla ya siku ya kikundi, tukiwa wawili, bila foleni kusikiliza. Wewe unaijua nyumba yako na unaujua ukumbi wako, huenda ukaanza kwingine. Na kama hutajali, ukishamaliza lile jani niandikie, uniambie pia mzee alijibu nini.

Mshauri wako